Arobaini ya Dunya

Juzi binti yangu aliangusha kikombe jikoni. Kilikuwa kikombe kifupi cheupe, chenye mstari wa buluu mdomoni na ufa mwembamba uliokuwepo tangu kabla hajazaliwa. Mume wangu aliviokota vipande, akavifunga kwenye gazeti na kusema, "Tutanunua kingine." Niliinama nikachukua kipande kimoja kilichoteleza chini ya friji, nikabaki nimekishika, na harufu ya nta ya nyuki ikanijia puani, ingawa kwangu hakuna nta ya nyuki wala mshumaa.

Ilikuwa harufu ya nyumba ya jirani yetu wa mtaa wa Nechells, huku Uingereza, nilipokuwa mtoto. Tulikaa ghorofa ya pili, katika mojawapo ya majengo yale mafupi yanayotazamana na maghala. Malori yalirudi nyuma yakilia siku nzima mpaka tukaacha kuyasikia. Baba na Mama walitoka Uvira wakapitia kambi ya wakimbizi. Mimi Uvira sikuiona, na kambi siikumbuki. Kitu cha kwanza ninachokumbuka duniani ni ule ujia mrefu wa saruji uliopita mbele ya milango yetu, na nguo zetu zimeanikwa ukutani chini ya tangazo lililokataza kuanika nguo.

Mlango uliofuata wetu walihamia Warusi watatu. Hawakutoka Urusi yenyewe, walitoka Latvia, lakini walikuwa Warusi wa dini ya kale, wale walioshika desturi za mababu zao kuliko hata Warusi wenzao. Mama mzee aliitwa Marfa. Mwanawe Fedia alifanya kazi ghalani ng'ambo ya barabara, akipanga maboksi. Na kulikuwa na mwanamke kijana aliyeitwa Dunya. Mama alipolisikia jina hilo alipiga makofi. "Dunia! Banamuita Dunia! Huyu hawezi kuwa mtu mubaya."

Mimi nilidhani Dunya ni mtumishi wao. Sikuwa nimewahi kumwona mtumishi, ila Mama alikuwa amenisimulia juu ya wale wa nyumba za matajiri kwao, kwamba hula baada ya wote kumaliza. Dunya naye alikula hivyo. Marfa na Fedia waliketi, Fedia akaomba, wakaanza supu, na Dunya akasimama karibu na jiko, mikono ameikunja juu ya aproni, akingojea sahani itakayohitaji kuongezwa. Walipoinuka, ndipo alipokula, tena mara nyingi akiwa amesimama bado. Hakutoka kwenda dukani bila kumwuliza Marfa. Mwanamume akipita ujiani, aliinamisha macho. Kitambaa chake cha kichwani hakikufungwa fundo. Kilibanwa kwa pini chini ya kidevu, na sikuwahi kuuona hata unywele mmoja. Niliamini kwamba hana nywele.

Siku moja nilimwuliza Mama, kwa Kiingereza kama kawaida yangu, kwa nini Fedia hamlipi mtumishi wake anunue viatu vipya.

Mama aliacha kukata sombe, majani ya muhogo. "Mutumishi gani?"

"Dunya."

"Yule ni bibi yake," alisema. Kwetu bibi ni mke. Kisha akarudia kukata, polepole, na baada ya kitambo akasema kama anayejisemea, "Kosa si lako."

Baba aliwapenda sana majirani wale. Hakujua Kirusi na wao hawakujua Kiswahili, lakini alikuwa akimwona Dunya anavyopisha njia, basi mezani alikuwa akituambia, "Mwaona wale? Wazungu, lakini wako na adabu. Mwanamke anajua mahali pake." Mama alimwongezea ugali. Naye alikuwa amesimama. Nilichelewa sana kuliona hilo.

Mama na Dunya walifanya urafiki kwenye ule ukuta wa kuanikia. Kiingereza chao kilikuwa cha vipande vipande, cha mmoja kikiegemea cha mwenzake. Dunya alijifunza kusema "aksanti" na "pole," na nilipotoka shule nilikuwa nikipita kwao kunywa chai. Nyumba yao ilikuwa na kona ya sanamu za watakatifu zilizochorwa mbaoni, zilizotiwa weusi na moshi, na mshumaa wa nta mbele yake. Hakuna aliyenikataza kuzitazama, ila Marfa alinikalisha mahali pa kuzipa mgongo. Chai yangu ilitiwa katika kikombe kile kifupi chenye mstari wa buluu. Wao wenyewe hawakukitumia kamwe. Kilikaa peke yake dirishani, mbali na vyombo vingine, na Dunya alikiosha peke yake. Nilijigamba shuleni kwamba Warusi wameninunulia kikombe changu. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba watu wa dini ile hawali wala kunywa katika chombo kimoja na wasio wa kwao, na kwamba kikombe kile kiliwekwa kando kwa sababu ya midomo kama yangu.

Dunya aliponizoea alinieleza mambo ya kwao, huku akikanda unga. Msichana husuka nywele mkia mmoja, aliniambia, ili watu wauone. Siku ya kuolewa marafiki zake humfumua, wakamsuka mikia miwili, wakaizungusha kichwani na kuifunika, na toka siku hiyo hakuna wa kuziona nywele zake ila mumewe. Wakati wa kufumuliwa, bibi arusi lazima alie. Hata akiwa na furaha, lazima alie kwa sauti. Asipolia siku ile, machozi yake yatamngojea mbele.

"Wewe ulilia?" nilimwuliza.

Alitazama mlango kwanza. "Nilijaribu," alisema. "Lakini nilimpenda Fedia. Nikacheka."

Tumbo lake lilipoanza kuonekana, Mama alimpa kitenge chake cha kijani, akamwonyesha jinsi ya kukifunga chini ya tumbo ili mgongo upumzike. Dunya alikifunga ndani ya gauni, Marfa asikione. Nilikuwa nimepangiwa kazi: nitamfundisha mtoto Kiingereza. Nilichagua hata vitabu.

Kisha siku moja gari la wagonjwa likaja, na Dunya hakurudi upesi, na aliporudi alikuwa akitembea ameshika ukuta, hana tumbo wala mtoto. Mama alinivuta ndani, akafunga mlango. "Mutoto alizaliwa amekufa," alisema. "Usimuulize kitu."

Siku chache baadaye Fedia alivaa koti jeusi, akaenda na Marfa makaburini, kupita Perry Barr huko. Dunya hakwenda. Nilimwona dirishani anawatazama wakishuka ngazi.

Jioni ile nikiwa kitandani niliwasikia wazazi wangu wakizungumza jikoni.

"Hawakumuacha aende kuzika mutoto wake," Mama alisema. "Banasema yeye ni muchafu. Mpaka arobaini iishe hawezi kusali, hawezi kugusa unga, hawezi kula na watu. Hata ile sanamu hawezi kuikaribia."

"Hata kwetu mzazi hukaa ndani arobaini," Baba akajibu.

"Kwetu anakaa ndani aoshwe na apikiwe. Hii iko arobaini gani, ya kumukimbia mutu?"

"Ni desturi ya watu. Iache."

Nilishika neno moja tu, mchafu. Nililala nikilifikiria. Nilimwonea Dunya huruma, kwa sababu niliona jambo lenyewe ni dogo na hakuna aliyelifikiria: nyumba yao ilikuwa na bafu kama yetu, ila labda sabuni ilikuwa imewaishia.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Sisi tulikuwa tumeshatoka kanisani, na Marfa na Fedia walikuwa wamekwenda kwenye sala kwa wenzao. Nilichukua kipande kipya cha sabuni ya kijani bafuni, na taulo langu, nikagonga mlango wa jirani. Dunya alifungua mwenyewe. Uso wake ulikuwa umevimba. Jikoni, mezani, kulikuwa na bakuli moja na kikombe changu, na ndani yake chai iliyopoa.

"Hicho changu," nilisema.

"Sasa changu pia," alinijibu.

Nilifurahi. Nilidhani tumekuwa marafiki zaidi. Nikamnyooshea sabuni. "Nimekuletea. Wanasema u mchafu. Nitakusaidia."

Aliitazama sabuni ile kwa muda. Sijui alifikiria nini. Mara nyingi nimejaribu kufikiri badala yake nikashindwa. Hakunikemea. Aliketi kitini, kisha akatoa ile pini chini ya kidevu chake na kuvua kitambaa. Nywele alikuwa nazo, nyingi, za rangi ya majani makavu, mikia miwili iliyozungushwa kichwani na kuanza kulegea. Akazifumua. Nikajaza maji ya uvuguvugu kwenye beseni la kuoshea vyombo, akainamisha kichwa, nikamwosha. Nilimwosha kama Mama alivyoniosha mimi, nikimkinga macho kwa kiganja. Alikuwa akitetemeka, na mimi nikadhani maji ni ya baridi, nikaongeza ya moto.

Alipoinua kichwa niliona kifua cha gauni lake kimelowa mahali pawili, na si kwa maji yangu. Madoa yale yalikuwa yakikua nikiyatazama. Nikajiambia, kumbe ndio huu, uchafu wenyewe wanaousema. Nikachukua taulo na kuanza kumpangusa. Hapo ndipo Dunya alipolia, kilio kirefu cha chini, akaushika mkono wangu na kuuondoa polepole.

Nilikimbia nyumbani. "Mama, Dunya anavuja," nilisema. "Nimemwosha lakini uchafu hautoki."

Mama aliuliza anavuja wapi. Nikajigusa kifuani. Sijawahi kuusahau uso wake. Alitoa majani ya kabichi kwenye friji, akachukua kitenge, akaenda, na mimi nyuma yake. Alimfunga Dunya kifua kwa majani yale ya baridi, akakaza kitenge mgongoni, akimwambia "pole, pole, pole" kama anayembembeleza mtoto. Maziwa yalikuwa yamekuja, hayakujua kwamba hakuna wa kunyonya, na ndani ya nyumba ile hakuna aliyeruhusiwa kumshika.

"Mwanangu yuko wapi?" Dunya aliuliza. "Unapajua?"

"Miye sijue. Lakini ni mahali pa watu wote. Tutauliza."

"Marfa anasema ni sababu nilicheka. Siku ya arusi."

Mama alilikaza fundo la kitenge. Kisha akasema, "Miye nililia siku ya arusi yangu mpaka sauti ikakauka. Na wangu alikufa pia."

Mimi nilikuwa mtoto wa pekee. Nilidhani nimekuwa wa pekee siku zote.

Mama na Dunya walikwenda makaburini katikati ya juma, Fedia akiwa kazini na Marfa amelala mchana. Shule zilikuwa zimefungwa, basi Mama hakuwa na mtu wa kuniachia, akanichukua. Dunya alikuwa hajawahi kupanda basi bila mumewe. Alikaa dirishani, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi, na kila basi liliposimama alishtuka kama aliyeitwa jina. Mzee wa makaburini alituongoza sehemu ya watoto wachanga. Makaburi yalikuwa madogo mno, yamejaa vinyago vya sungura na vijigurudumu vya rangi vinavyozungushwa na upepo. La mtoto wa Dunya halikuwa na kitu, udongo tu, na kijiti chenye namba.

Dunya alipiga magoti. Aliweka viganja viwili juu ya udongo, akaviacha pale, kama anayeangalia iwapo kuna joto.

"Anaitwa nani?" Mama aliuliza.

"Hana jina. Hakubatizwa. Asiyebatizwa hapewi jina, hasomewi sala."

"Nani alisema?"

"Wote."

Mama alipiga magoti pembeni yake, na viatu vyake vya Jumapili, kwenye matope. Akamwambia kwamba kambini, mtoto wake wa kwanza alipokufa, alikuwa bado hajafikisha miezi mitatu. Mama mkwe wake alimkataza kulia. Mtoto asiyeota meno haliliwi, walimwambia, ukimlilia unafunga njia ya wengine. Wanaume walimchukua ndani ya shuka wakaenda naye upande wa miti, na Mama akabaki anasonga ugali wa waliozika. Kaburi hakuonyeshwa. Kisha wakaitwa kupanda ndege, na ardhi yote ile ikabaki nyuma. "Lakini jina nilimupa," Mama alisema. "Na hakuna mutu anaweza kuninyang'anya. Mupe jina, Dunia. Mungu atabatiza mwenyewe."

Dunya alisawazisha udongo kwa kiganja. Halafu akainamia sikio la Mama na kunong'ona. Nilisogea nisikie. Mama alinyanyua kidole kunizuia.

Tuliporudi, Marfa alikuwa amesimama ujiani mbele ya mlango wao, na Fedia pembeni yake, bado na nguo za kazi. Marfa hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema maneno machache ya Kirusi, na Dunya akainama mpaka kiunoni. Mama alimwuliza Fedia mama yake amesema nini.

Fedia alitazama viatu vyake. "Amesema arobaini inaanza upya. Kuanzia leo."

"Na wewe unasema nini? Ni mutoto wako. Ni bibi yako."

Alifungua mdomo. Nilimwona akiufungua, kisha akaufumba. Fedia alikuwa mtu mpole, alinipa peremende kila Ijumaa, na upole wake haukumfaa mtu. Dunya aliingia ndani, Marfa akampisha akiwa amekusanya sketi yake ili wasigusane. Lakini kabla ya kufunga mlango, yule mama mzee alimtazama Mama, akatazama matope magotini kwake, na macho yake yakakaa pale kwa muda. Zamani niliyaona kuwa macho ya hasira. Siku hizi sina hakika. Nimejiuliza na yeye aliambiwa nini, katika kijiji kipi, na nani alikuwa amesimama mlangoni.

Kwetu nako mambo hayakuwa shwari. Baba alikuwa ameshapewa habari. "Unaniaibisha kwa jirani," alisema. "Umemtoa mke wa mtu bila ruhusa." Mama alisonga ugali, akaweka mezani, akaweka samaki. Kisha akavuta kiti, akaketi mkabala naye, akanawa, akamega tonge kabla yake. Baba aliutazama mkono ule ukienda mdomoni. Mwishowe naye akanawa akala. Tangu siku ile Mama hakusimama tena kwenye meza yake.

Dunya alimaliza arobaini ile ya pili. Tulimwona dirishani, na akitutazama alikuwa akigusa kifua chake mahali kitenge kilipofungwa. Majira yalipobadilika walihama, kwenda mashariki kwenye mashamba ya mboga, ambako wenzao wa dini walikuwa wengi na ambako, Fedia alimweleza Baba, mwanamke hakutani na watu wa nje. Siku ya kuondoka Marfa alinipa kile kikombe, kimefungwa vizuri katika gazeti. Hawakuwa na haja nacho. Mimi nilikipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru.

Dunya alipita mbele ya mlango wetu amebeba magodoro yaliyokunjwa, mama mkwe akimfuata nyuma. Mama alisimama kizingitini. Hawakuwa na nafasi ya kuagana.

"Mama Neema," Dunya alisema, akimwita Mama kwa jina langu, bila kugeuza kichwa. "Utaenda?"

"Nitaenda," Mama alisema.

Hatukusikia habari yao tena. Hawakuandika wala kupiga simu, na nilipokuwa mkubwa nikajaribu kuwatafuta, sikuwa na la kuanzia ila majina ambayo nusu ya Warusi wanayo. Sijui kama Dunya alipata watoto wengine. Sijui kama anakula ameketi.

Mama anakaa Great Barr sasa, peke yake tangu Baba afariki, na magoti yanamsumbua. Nampeleka kwa gari kwenye kaburi la mtoto wa Dunya. Aliweka jiwe dogo pale miaka mingi iliyopita, bila maandishi, na hung'oa majani pembeni yake kwa kisu cha jikoni. Nilipokuwa na mimba ya binti yangu nilimwomba aniambie jina lile alilonong'onezwa, nikamwambia tungeweza kumpa mtoto, liishi. Alinikatalia. "Liko na mwenyewe," alisema.

Basi kila tukifika hunituma maji. Bomba liko mbali, karibu na lango, na najua kwamba maua yale hayahitaji maji kila mara. Najaza chombo polepole, nangoja. Kutoka pale namwona amepiga magoti, mkono mmoja juu ya jiwe, midomo yake ikitembea. Jina la mtoto mmoja lisingechukua muda mrefu hivyo. Analitaja la mtoto wa Dunya, kisha anataja la wake, yule aliyeachwa upande wa miti, na mimi siendi mpaka anyooshe mkono nimwinue.